Inua Miguu

Kila neno lililomo humu ni kweli tupu. Msimuliaji, mstaafu wa posta, anaapa kwa meno yake yaliyobaki, na anaweka ahadi mbele ya mashahidi: atakayemnasa na uongo, hata uwe mdogo kiasi gani, ataingia naye kwenye duka lile lile yalikotokea mambo haya na kununua kitabu, kipya, kwa bei iliyobandikwa, bila kuomba punguzo. Wanaomjua wanajua kwamba kwake hiyo si adhabu ndogo.

Asubuhi hiyo Bi Kaunta alikuwa anafagia. Ndilo jina walilompa majirani, kwa sababu tangu duka la vitabu lifunguliwe hakuna aliyewahi kumwona mahali pengine isipokuwa nyuma ya kaunta. Alianzia mlangoni, chini ya kibao kilichoandikwa KITABU KIKISHAUZWA HAKIRUDISHWI, akapita mbele ya rafu za kamusi, akaizunguka meza ya vitabu vya watoto, mpaka akafika kule nyuma, kwenye kigoda cha mumewe. Mumewe alikuwa anasoma. Alikuwa anasoma tangu walipooana. Mtaani walimwita Profesa, ingawa aliacha shule mapema kuliko wengi wao. Kila asubuhi fagio likifika hapo, Bi Kaunta husema, "Inua miguu," na Profesa huinua miguu bila kuondoa macho kitabuni, fagio linapita, miguu inashuka. Siku nyingine hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao yote mpaka jioni.

Asubuhi hiyo hakuhitaji kusema. Ndara za mumewe zilikuwa sakafuni, zimepangwa vizuri, na miguu yake ilikuwa juu ya ndara hizo, kiasi cha kiganja. Yeye mwenyewe alikuwa ameachana na kigoda. Alikaa vile vile alivyokaa siku zote, goti juu ya goti, kitabu mkononi, ila chini yake hapakuwa na kitu. Bi Kaunta akafagia chini yake. Akaondoa na lile vumbi la nyuma ya kigoda ambalo fagio lake halikuwahi kulifikia, akashukuru moyoni kwamba leo kazi imekuwa nyepesi, akaenda kufungua mlango.

Kufikia mwisho wa wiki Profesa alikuwa usawa wa rafu ya juu. Kadiri alivyosoma ndivyo alivyopanda. Akikaribia kumaliza kitabu hushuka kidogo, kama puto lililoanza kulegea, ananyoosha mkono bila kuangalia, na Bi Kaunta humpa kingine kwa ile fimbo yenye ndoano ya kushushia mabegi ya shule. Akishakipata anapanda tena. Alipofika karibu na dari, Bi Kaunta alizima pangaboi, kwa usalama, na tangu hapo dukani kukawa na joto. Chakula alipandishiwa kwa fimbo hiyo hiyo, kwenye mkoba. Alikula kwa mkono mmoja. Kinyozi wa jirani alipanda ngazi kila Jumamosi kumnyoa.

"Shemeji," kinyozi alimwambia mara ya kwanza, akimpaka povu, "wewe ndiye mteja pekee ninayemnyoa na huku naogopa kuanguka mimi."

"Mm," akasema Profesa, akafunua ukurasa.

Mambo mengine ya mwili familia ilikuwa na namna yake ya kuyapanga, na hayamhusu msomaji.

Duka lenyewe wakati huo lilikuwa linakata roho. Zamani watu waliingia, wakachagua, wakalipa, wakafungiwa. Bi Kaunta alikuwa na ufundi wake wa kufunga. Kila kitabu, hata kijitabu cha mashairi chembamba kama biskuti, alikifunga kwa karatasi ya kaki, akakizungushia uzi mweupe mara mbili, akaukata uzi kwa meno. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Alisema tu kwamba kitabu kinatoka nyumbani, na mtu akitoka nyumbani anavaa.

Halafu watu wakabadilika. Walianza kuingia na simu. Mtu anatoa kitabu rafuni, anapiga picha jalada, anauliza, "Mama, hiki kizuri?" Bi Kaunta anajibu, "Wanakisifu." Mtu anakirudisha, tena mahali sipo, anatoka. Jioni ametumiwa chote na rafiki yake kwenye simu, bure. Na hicho cha bure nacho hasomi, maana simu ina mengi. Shule nazo, ambazo ndizo zilizokuwa zikilivusha duka kila mwanzo wa muhula, zikaanza kuuza vitabu zenyewe, ofisini kwa mwalimu mkuu, na asiyenunua pale mtoto wake anatazamwa kwa jicho la pembeni.

Familia ikahangaika. Waliweka benchi la kusomea bure. Likapata watu wa kusinzia. Waliandaa jioni za kusomeana hadithi. Wakaja watatu, mmoja wao akiwa anakimbia mvua. Waliingiza kalamu, bahasha, rula, vocha za simu na mashine ya kutoa nakala, na hapo watu kweli wakaanza kuingia, ila vitabu vikawa kama jamaa wa mbali waliokaribishwa harusini: wamevaa, wamekaa, hakuna anayewasemesha.

Kwa hiyo Profesa alipopaa, duka lilipata ahueni. Habari ilitembea. Wakaja wa mtaa wa pili, wakaja wa ng'ambo ya mji, wakasimama katikati ya rafu wakiwa wamekunja shingo.

"Anasoma nini?" mmoja akauliza.

"Mbona hatazami huku? Mzee! Mzee, tazama kamera!"

"Mwache, ana adabu kuliko wewe. Hajakuuliza unatafuta nini."

Mama mmoja alimwonyesha binti yake mdogo. "Unaona? Soma na wewe." Binti akamtazama Profesa kwa muda mrefu, akauliza kama mtu akisoma anaruhusiwa kushuka kula. Mama akasema wakanunue soda.

Soda zilikuwapo. Bintiye Bi Kaunta, ambaye kazi yake ilikuwa kuuza nafasi za matangazo na ambaye hakuwahi kukanyaga dukani isipokuwa sikukuu, alirudi haraka alipoona picha za baba yake zinazagaa. Akaleta friji yenye mlango wa kioo. Akabadilisha taa. Akaweka alama nyeupe sakafuni kuonyesha pa kusimama ili picha itoke vizuri.

"Mama," akasema, "Baba ni tangazo ambalo hata benki hazina."

"Tangazo la nini?"

"La duka."

"Wananunua soda."

"Wataanza na soda, watafika kwenye vitabu. Watu wanazoeshwa, Mama. Kazi yako wewe ni moja tu: asikose cha kusoma. Siku Baba akigusa sakafu, tumekwisha."

Bi Kaunta akatazama juu. Kutoka pale alipo aliona nyayo mbili na chini ya kitabu. Nyayo zilikuwa safi sana sasa, kama za mtoto mchanga, kwa kuwa hazikanyagi kitu.

Yeye alikuwa na neno la kumwambia mumewe. Alikuwa nalo tangu zamani, na kila alipotaka kulisema aliingia mteja, na mteja akitoka neno lilikuwa limepoa. Wala halikuwa neno kubwa. Alitaka wabadilishane siku moja: Profesa asimame kaunta, yeye akae kwenye kigoda na kitabu. Basi. Alikuwa ameuza vitabu maisha yake yote na hakuwahi kusoma hata kimoja mpaka mwisho. Alijua kila kitabu kwa uzito wake, kwa harufu ya gundi yake, kwa rafu yake, kwa sura za watu wanaokiulizia. Alijua vinavyoanza vyote, kwa sababu mwanzo wa kitabu mtu huweza kuusoma akiwa anasubiri mteja atoe pesa mfukoni. Huko ndani vinakwenda wapi hakujua. Tena goti lake la kulia lilikuwa linamuuma kwa kusimama.

Asubuhi, kabla watu hawajaja, alisimama chini ya mumewe.

"Mzee wangu."

"Mm."

"Nataka tuzungumze."

"Namalizia sura hii."

Akafagia, akarudi. Profesa alikuwa kwenye sura nyingine.

Ndipo Bi Kaunta alipoamua kumshusha. Kumnyima kabisa hakuweza. Binti alikuwa amepanga vitabu vinene kwenye sanduku karibu na fimbo, na jioni hukagua. Kwa hiyo alitumia akili ya dukani. Kwanza alimchagulia kitabu ambacho hakijawahi kununuliwa na mtu kwa hiari yake, kitabu cha uhasibu kwa wanafunzi wa mwaka wa pili, akidhani atachoka na kushuka mwenyewe. Profesa alikisoma kwa utulivu, na kwenye sura ya uchakavu wa mashine kichwa chake kikagusa dari.

Akakumbuka nakala mbovu.

Kwenye biashara ya vitabu kuna nakala mbovu. Mahali fulani kwenye mafungu yanayotoka kiwandani huwamo kitabu kilichoshonwa vibaya: kurasa zimegeuzwa kichwa chini, au zimerudiwa, au furushi zima la kurasa za mwisho halimo. Kwa nje hakuna anayejua. Bi Kaunta alijua kwa mkono. Akikipima kwenye kiganja alihisi kimepungua, akakiweka kando kirudishwe kwa mchapishaji. Kimoja kilikuwa chini ya kaunta kwa muda mrefu, riwaya nene, jalada la buluu, bei imebandikwa, kimekosa kurasa zote za mwisho. Mchapishaji alikuwa amefunga kampuni kabla hakijarudishwa. Nakala nzima ya riwaya hiyo hiyo ilikuwapo rafuni.

Alikitundika kile kibovu kwenye ndoano, akampa mumewe.

Siku Profesa alipokaribia kukimaliza, Bi Kaunta aliona kwa unene wa kurasa zilizobaki. Akafunga mlango mchana mchana, akateremsha komeo, akabadilisha nguo dukani humo humo, nyuma ya rafu za atlasi. Akavuta kigoda kikae sawa. Nje watu wakaanza kugonga, na sauti ya binti ikaja kupitia tundu la ufunguo.

"Mama! Mama, watu wamepanga foleni huku! Unafanya nini?"

"Nahesabu mali," akasema Bi Kaunta, na huo, msimuliaji anakubali, ulikuwa uongo, lakini ni wake yeye.

Profesa akafika mahali kitabu kinapokatikia, katikati ya sentensi. Akafunua, akakuta jalada. Akarudisha, akafunua tena, akakuta jalada lile lile. Mwili wake ukaanza kushuka, polepole, kama vumbi linavyotua baada ya kufagia. Miguu ikaingia kwenye ndara, ambazo Bi Kaunta alikuwa akizifuta kila asubuhi. Wakasimama, wakatazamana.

"Umeota mvi," akasema Profesa.

"Zilianza zamani."

"Kitabu hiki hakina mwisho."

"Najua. Walikosea kiwandani."

"Ehe, mwishowe inakuwaje? Yule mwanamke anarudi?"

"Sijui."

"Hujui vipi, mama? Miaka yote hii si umo humu humu?"

"Nilikuwa nauza."

Profesa akafikiri. Hakuwa mtu mbaya. Hajawahi kumpigia mkewe kelele wala kumnyima kitu alichokuwa nacho. Ni kwamba alichokuwa nacho kilikuwa kitabuni siku zote. "Ungesoma jioni," akasema.

"Jioni nilikuwa napika."

"Basi ungeniambia."

"Nilikuambia kila siku. Ukawa unainua miguu."

Nje waliendelea kugonga. Bi Kaunta akaona kwamba wakati umefika, na kwa bahati neno lilikuwa bado na moto. "Nataka siku moja," akasema. "Wewe usimame kaunta. Mimi nikae pale."

Profesa akaitazama kaunta kama mtu anavyotazama mtaa ambao aliwahi kukaa utotoni. Akatazama kigoda. Akamtazama mkewe, goti lake, mkono wake ulioshika pindo la nguo safi. Uso wake ukalainika kabisa.

"Siku moja si kitu," akasema. "Hata mbili. Nipe nimalizie tu hizi chache zilizobaki, akili ikae sawa, halafu nakuja. Nzima si ipo?"

Ilikuwapo. Bi Kaunta alikwenda mwenyewe rafuni kuileta. Hata leo ukimuuliza kwa nini, anasema mteja akiulizia kitabu kilichopo huwezi kumwambia hakipo.

Profesa akapekua mpaka pale kile kibovu kilipokatikia, akaanza kusoma wima. Akapanda kidogo tu, usawa wa magoti, kwa kuwa kilichobaki kilikuwa kifupi. Bi Kaunta akasimama mbele yake akisubiri, kama mtu anayesubiri aliyeingia kuchukua koti. Ukurasa, ukurasa. Akafika wa mwisho. Miguu ikaanza kurudi chini. Na kama ilivyokuwa desturi yake, Profesa akanyoosha mkono, bila kuangalia.

Mkono wa Bi Kaunta ulikuwa mtupu. Lakini binti alikuwa na ufunguo wa mlango wa nyuma. Alikuwa ameingia, ameona baba yake yuko usawa wa magoti, amekimbilia sanduku. Akamwekea baba kitabu mkononi, kinene kuliko vyote, na Profesa akafungua sura ya kwanza na kupanda moja kwa moja mpaka darini.

"Tumeponea chupuchupu," akasema binti, akihema. "Mama, na hizo nguo unakwenda wapi?"

Bi Kaunta alimpita. Alisogea mpaka chini ya zile nyayo. "Siku moja," akaziambia.

"Namalizia sura hii," ikajibu sauti kutoka juu.

Akafungua mlango. Watu wakaingia, wakasimama kwenye alama.

Baada ya hapo hakujaribu tena. Aliuza vocha na soda, akatoa nakala za vyeti, akafuta ndara asubuhi. Kile kitabu kibovu alikibakiza chini ya kaunta. Kitabu kizima asingeweza kukigusa, kwa kuwa kwake yeye kitabu kilichofunguliwa kimeshatumika na kuuza kilichotumika kama kipya ni wizi. Hiki hakikuwa mali ya kuuzwa. Hiki angeweza kukifungua bila kumdhulumu mtu.

Siku moja umeme ulikatika mtaa mzima. Gizani picha hazitoki, kwa hiyo hakuna aliyekuja. Binti alikwenda kutafuta barafu ya soda. Profesa alikuwa anasomea karibu na kitundu cha hewa. Duka likawa kimya kama lilivyokuwa miaka ile ya mwanzo, kabla hawajaweka hata kengele. Bi Kaunta akakaa kwenye kigoda, kwenye mwanga wa dirisha, akafungua riwaya ya buluu, akaanza.

Hakuwa msomaji wa haraka. Aliweka kidole chini ya mstari na midomo ikamcheza. Ukurasa wa kwanza aliujua. Wa pili pia. Wa tatu ulikuwa mgeni. Akaingia, akaendelea. Mwanamke wa kwenye riwaya alikuwa amefunga mizigo na amesimama kituoni, na hakuna aliyejua kama ataondoka. Mahali fulani kwenye ukurasa wa kumi na moja Bi Kaunta alihisi goti limeacha kuuma. Kisha akahisi kisigino kinaachana na ndara. Kigoda kikawa chini yake bila kumgusa. Alikuwa amepaa, shibiri nzima, na hakutazama chini, kwa sababu alikuwa anataka kujua kama treni imefika.

Mteja mmoja akagonga kaunta kwa funguo.

"Kuna bahasha za kaki?"

"Kubwa au ndogo?" akauliza Bi Kaunta, na kabla hajamaliza kuuliza miguu yake ilikuwa sakafuni, inatembea.

"Kubwa."

"Zipo."

Hapo ndipo msimuliaji alipoishia alipoisimulia hadithi hii kwa mara ya kwanza, akiwa kwenye kiti cha kinyozi, kitambaa shingoni, povu mashavuni. Alikuwa ameisimulia vizuri. Wawili waliokuwa wakisubiri zamu walikuwa wamesahau simu zao mapajani. Hakujua kwamba Bi Kaunta amekuja kuazima ngazi na alikuwa amesimama mlangoni tangu kwenye nakala mbovu.

"Umeongopa," akasema Bi Kaunta.

Kinyozi akasimamisha wembe. "Wapi, Bi Kaunta? Mzee Stempu hapa kaapa kwa meno."

"Amesema shibiri. Haikuwa shibiri." Akainua mkono, akaonyesha kidole cha mwisho, kile chembamba, akakilaza. "Ilikuwa hivi. Kwa shibiri ningeona juu ya rafu. Mimi sikuona."

"Sasa shibiri na kidole," msimuliaji akajitetea chini ya povu, "si ni kupaa kule kule? Nimeongeza chumvi kidogo hadithi ishuke."

"Na huyo wa bahasha umemwita mteja. Mteja hununua. Wewe ulizishika, ukazipepeta, ukasema kaki yake imefifia, ukaenda zako."

Wale wawili wakacheka mpaka mmoja akapiga ukuta. "Ameuawa!" akasema. "Mzee kauawa akiwa kwenye kiti!"

"Ahadi ni ahadi, mzee," kinyozi akasema, akimfuta upande mmoja tu wa uso. "Kamalize deni, upande wa pili utanikuta."

Bi Kaunta peke yake hakucheka. Alibeba ngazi, wakaongozana.

Dukani watu walikuwa kwenye alama, wamekunja shingo. Profesa alikuwa darini, amesogea kona ya pili. Bi Kaunta alimwonyesha msimuliaji kamusi. Akamwonyesha historia, tawasifu, kitabu cha ufugaji wa nyuki. Msimuliaji alikuwa hatazami huko. Alikuwa anakitazama kile cha buluu chini ya kaunta, na alikuwa na fikra moja, ambayo haikuwa nzuri: kama kilimwinua mwanamke mwenye goti bovu, hakitamshindwa mzee mwembamba wa posta.

"Nipe kile," akasema.

"Kile hakina mwisho."

"Nitalipa bei iliyobandikwa. Nzima."

"Ni nakala mbovu, mzee. Haiuzwi."

"Mimi niliahidi kununua kipya. Kibandiko kipo. Hakijauzwa kwa mtu. Si ni kipya?"

Binti akainua kichwa kutoka kwenye friji. Tangu friji ije, hakuna mtu aliyeulizia kitabu. "Mama," akasema kwa furaha ya kweli kabisa, "si nilikuambia? Wameanza! Muuzie mteja wako."

Bi Kaunta akakishika kitabu. Akakipima kwenye kiganja, kama alivyovipima vyote. Halafu akavuta karatasi ya kaki, akakikunjia pembe, akakizungushia uzi mara mbili, akaukata kwa meno. "Karibu tena," akasema.

Nyumbani msimuliaji alikaa kwenye kiti kigumu, akavua viatu ili asijicheleweshe, akafungua. Kitabu kikajifunua chenyewe kwenye ukurasa wa kumi na moja. Ndani yake kulikuwa na kipande cha uzi mweupe, kimenyooshwa chini ya mstari unaosema treni bado haijafika.

Kesho yake alikirudisha. Alikiweka juu ya kaunta pamoja na uzi wake, akasema kwamba hataki pesa, akichukue tu. Bi Kaunta akamwonyesha kibao cha mlangoni.

"Kikishauzwa," akasema, na hakumalizia, kwa sababu kuna mtu alikuwa anaulizia rula.

Kwa hiyo kitabu kiko mezani kwa msimuliaji, kimelipiwa. Hukisoma kila siku tangu mwanzo mpaka kwenye uzi wa ukurasa wa kumi na moja, na hapo husimama, kwa kuwa akifunua uzi utasogea. Miguu yake iko sakafuni. Mkewe, akifika hapo na fagio, humwambia aiinue.